Kutafuta ukoo katika madaftari ya zamani ya ndoa ya makanisa ya Uingereza

Tarehe 7 Aprili 1792, katika kanisa la St Andrew lililoko mji mdogo wa Soham, mashariki mwa Uingereza, Mwafrika mmoja alifunga ndoa na binti wa Kiingereza aliyeitwa Susannah Cullen. Leo bwana harusi huyo anajulikana duniani kwa jina la Olaudah Equiano. Alikuwa mtumwa, akajinunulia uhuru wake, kisha akaandika kitabu cha maisha yake kilichowapa nguvu waliokuwa wakipigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Lakini ukifungua daftari la ndoa la kanisa hilo ukatafuta jina la Equiano, hutalipata. Ameandikwa Gustavus Vassa, jina alilobandikwa utumwani na ambalo aliendelea kulitumia katika shughuli zake za kila siku.

Ndoa hiyo inaonyesha jinsi madaftari haya yalivyo. Yametunza habari za watu kwa mamia ya miaka, wakubwa kwa wadogo, lakini hayamfungukii mtu asiyejua namna ya kuyauliza.

Katika makala haya tunaeleza madaftari ya ndoa ya makanisa ya Uingereza ni nini, yanaeleza nini, yanapotosha wapi, na namna ya kuyatafuta ukiwa na simu tu. Tumewafikiria wasikilizaji wenye wajukuu au wakwe wenye asili ya Uingereza, na pia wale wanaotaka tu kujua jinsi wenzetu wa huko wanavyofuatilia nasaba zao kwa maandishi, wakati kwetu nyingi hutunzwa vichwani mwa wazee. Tunaposema Uingereza hapa tunamaanisha England, na kwa sehemu kubwa Wales. Scotland na Ireland zina taratibu zao.

Kwa nini ndoa, na si ubatizo au mazishi?

Makanisa ya Uingereza yaliandika mambo matatu: ubatizo, ndoa na mazishi. Yote yana faida, lakini ndoa ina jambo moja ambalo mengine mawili mara nyingi hayana.

Mtoto alipobatizwa, kasisi kwa kawaida aliandika jina la mtoto, jina kamili la baba, na jina la kwanza tu la mama. Kwa mfano: John, mwana wa Thomas Webb na Mary. Huyo Mary alitoka ukoo gani? Daftari la ubatizo halisemi. Alipofariki, mara nyingi aliandikwa kwa jina la mumewe. Mwanamke alizaa watoto kumi, akazikwa katika uwanja wa kanisa lile lile, na jina la ukoo wa baba yake lisionekane popote.

Lilionekana siku ya ndoa. Siku hiyo aliandikwa kwa jina alilokuja nalo kutoka kwao. Ndiyo maana watafiti wa nasaba huiona ndoa kama daraja: bila kuivuka, upande mzima wa mama unapotea, na kila kizazi unachorudi nyuma unapoteza nusu ya wazee wako.

Kuna hatari nyingine pia. Ukichukua ndoa isiyo yenyewe, kwa sababu tu majina yanafanana, unajipachika katika ukoo wa watu wengine. Kuanzia hapo kila jina unaloongeza ni la wazee wa mtu mwingine, hata kama kila tarehe uliyoandika ni sahihi.

Yalianza lini?

Mwaka 1538, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, waziri wake Thomas Cromwell aliagiza kila parishi iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Parishi ni eneo linalohudumiwa na kanisa moja. Wakatoliki wa kwetu huiita parokia. Si parishi nyingi zilizobaki na madaftari ya mwaka huo wa kwanza. Mengi yaliandikwa kwenye karatasi hafifu, yakaoza, yakaliwa na panya au yakapotea.

Mwaka 1598 iliagizwa kwamba madaftari yaandikwe kwenye ngozi iliyolainishwa, ambayo hudumu kuliko karatasi, na yale ya zamani yanakiliwe, hasa kuanzia 1558, Malkia Elizabeth wa Kwanza alipoanza kutawala. Agizo hilo pia lilizitaka parishi zipeleke nakala kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo za askofu zimewaokoa watafiti wengi, kwa sababu daftari lenyewe likiwa limepotea, huenda nakala yake ipo.

Katika miaka ya 1640 na 1650 nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na uandishi ukavurugika. Kuanzia 1653, kwa miaka michache, ndoa zilifungwa mbele ya mahakimu badala ya makasisi. Usipompata mtu wako katika miaka hiyo, usikimbilie kusema kwamba hakuoa. Huenda hakuna aliyeandika, au kilichoandikwa hakikudumu.

Tarehe 25 Machi 1754 ilianza kutumika sheria mpya ya ndoa inayojulikana kwa jina la Lord Hardwicke. Kabla ya hapo kulikuwa na ndoa nyingi za siri. Jijini London, maelfu ya watu walikwenda kuoana karibu na gereza la Fleet, ambako makasisi wenye madeni waliwafungisha ndoa kwa malipo bila kuuliza maswali mengi. Sheria ya 1754 ilidai ndoa ifungwe kanisani, baada ya kutangazwa au kwa leseni, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na iandikwe katika daftari maalum na kutiwa saini. Wayahudi na Wakweka waliachwa wafuate taratibu zao. Wengine wote, wakiwemo Wakatoliki na Wakristo wa madhehebu yaliyojitenga, walilazimika kwenda kwenye kanisa la Kianglikana ili ndoa yao itambuliwe. Kwa hiyo kumkuta babu yako katika daftari la Kianglikana kati ya 1754 na 1837 hakuthibitishi kwamba alikuwa Mwanglikana.

Hatimaye, tarehe 1 Julai 1837, serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo nchini kote. Makanisa yaliendelea kufungisha ndoa, lakini kwa fomu ya serikali, na nakala zilipelekwa kwa msajili mkuu.

Utakuta nini ndani?

Hilo linategemea mwaka.

Kabla ya 1754, usitarajie makubwa. Mara nyingi ni mstari mmoja: tarehe na majina mawili. Wakati mwingine kasisi aliongeza kijiji cha bwana harusi au kazi yake. Wapo makasisi walioandika jina la mume tu na kusema "na mkewe". Madaftari ya mwanzo huweza kuwa kwa Kilatini: William huwa Gulielmus, na James huwa Jacobus.

Kati ya 1754 na 1837, hali ni nzuri zaidi. Ndoa nyingi ziko kwenye fomu zilizochapishwa, zenye namba. Utapata majina ya wawili, parishi ya kila mmoja, kama walitangazwa au walipata leseni, jina la kasisi, na saini za bwana, bibi na mashahidi. Asiyejua kuandika aliweka alama, kwa kawaida msalaba au X, na karani akaandika jina lake pembeni. Umri na jina la baba kwa kawaida havipo.

Kuanzia Julai 1837, daftari linazungumza zaidi. Kuna tarehe, majina, umri, hali ya ndoa, kazi, mahali wanapoishi, na jina na kazi ya baba wa kila mmoja. Kwa ndoa moja unapata vizazi viwili na koo mbili.

Angalia aliyesahauliwa katika fomu hiyo. Baba aliandikwa, mama hakuandikwa. Ilikuwa hivyo kwa karibu miaka 184. Majina ya mama yaliingizwa katika kumbukumbu za ndoa za England na Wales tarehe 4 Mei 2021. Kwa ndoa zote za kabla ya hapo, jina la mama mzazi wa bibi au bwana harusi utalitafuta kwingine: kwenye ubatizo, kisha kwenye ndoa ya wazazi wenyewe.

Maneno utakayokutana nayo

Madaftari yako kwa Kiingereza cha zamani, lakini maneno yanayorudiwa si mengi. Ukiyajua haya, utasoma kurasa nyingi:

- Bachelor: mwanamume ambaye hajawahi kuoa.
- Spinster: mwanamke ambaye hajawahi kuolewa, hata akiwa binti wa miaka 18.
- Widower: mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mkewe.
- Widow: mjane.
- Of this parish: wa parishi hii. Huonyesha alikokuwa akiishi wakati wa ndoa, si lazima alikozaliwa. Mara nyingi hufupishwa kwa herufi o.t.p.
- Sojourner: mtu aliyekaa pale kwa muda tu. Ukiliona neno hili, ujue kwao ni kwingine.
- Banns: ndoa ilitangazwa kanisani.
- Licence: ndoa ilifungwa kwa leseni.
- Full age: ana miaka 21 au zaidi. Anaweza kuwa na 21 au 60.
- Minor: hajafika miaka 21.
- The mark of: alama ya fulani, aliyeiweka badala ya saini.

Kutangazwa au leseni: usiishie kwenye daftari la ndoa

Wengi walitangazwa kanisani Jumapili tatu, kama inavyofanyika hadi leo katika makanisa mengi ya kwetu, ili mwenye pingamizi aseme. Kama bwana na bibi walitoka parishi mbili, tangazo lilitolewa kote kuwili. Hilo ni jambo la kukusaidia: tangazo la parishi ya bwana linaweza kukutajia parishi ya bibi, na huko ndiko harusi nyingi zilifanyika. Lakini kutangazwa si kuoana. Wapo waliotangazwa mara tatu na ndoa isifungwe.

Wenye uwezo, wenye haraka, au wasiotaka mambo yao yasikike kanisani walinunua leseni. Kabla ya kupewa, bwana harusi aliapa kwamba hakuna kizuizi, na kwa miaka mingi, hadi 1823, ilitakiwa pia hati ya dhamana yenye wadhamini. Leseni yenyewe walikabidhiwa maharusi, na nyingi zimepotea, lakini viapo na hati za dhamana zilibaki katika ofisi za maaskofu. Humo unaweza kukuta umri, kazi, na jina la mzazi aliyetoa ridhaa, mambo ambayo daftari la ndoa la wakati huo halisemi.

Mfano maarufu ni wa mwandishi William Shakespeare, aliyemwoa Anne Hathaway akiwa na miaka 18. Ndoa yao haijapatikana katika daftari la kanisa lolote. Tunaijua kwa sababu ya karatasi za ofisi ya Askofu wa Worcester. Tarehe 27 Novemba 1582 karani aliandika kwamba Shakespeare amepewa leseni ya kumwoa Anne Whateley wa Temple Grafton. Siku iliyofuata, hati ya dhamana ya pauni 40, iliyowekwa na wakulima wawili wa Stratford, ilimtaja bibi harusi kuwa Anne Hathwey wa Stratford. Wataalamu wengi wanaona kwamba Whateley ni kosa la karani tu. Binti yao wa kwanza, Susanna, alibatizwa tarehe 26 Mei 1583, miezi sita baadaye.

Hapo kuna mafunzo matatu: daftari likikosekana, tafuta leseni, jina huweza kuandikwa vibaya hata na mtu wa ofisi, na usifikiri kwamba mtoto wa kwanza lazima alizaliwa mwaka mmoja baada ya harusi.

Mitego inayowanasa wengi

*Tahajia.* Jina liliandikwa jinsi kasisi alivyolisikia. Mtu mmoja anaweza kuwa Hathaway, Hathwey au Hathway. Tamka jina kwa sauti, kisha tafuta kila namna linavyoweza kuandikwa.

*Mwaka mpya.* Kabla ya 1752, mwaka nchini Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ndoa iliyoandikwa Februari 1720 ilifungwa, kwa hesabu yetu ya leo, Februari 1721. Watafiti huandika 1720/21 ili kuondoa utata. Usipolijua hili, utashangaa kuona mtoto aliyebatizwa Novemba 1720 ana wazazi walioonekana kuoana miezi tisa kabla yake, kumbe walioana miezi mitatu baada ya ubatizo wake.

*Mjane.* Mwanamke akiandikwa "widow", jina lake la ukoo hapo ni la marehemu mumewe, si la baba yake. Ukilichukua kama jina la kuzaliwa, umepotea njia. Itabidi utafute ndoa yake ya kwanza.

*Mashahidi.* Wengine walikuwa ndugu, na hao ni hazina. Wengine walikuwa karani wa kanisa tu, aliyeshuhudia kila ndoa. Soma kurasa kadhaa za kabla na za baada. Jina linalorudi kila harusi si la shangazi.

*Jina la baba.* Baada ya 1837, mtu aliyezaliwa nje ya ndoa wakati mwingine aliacha nafasi ya baba wazi, na wakati mwingine alitaja jina lolote ili kujisitiri. Kilichoandikwa ni kile alichokisema mbele ya kasisi. Kilinganishe na ubatizo wake.

*Maandishi yasiyo ndoa.* Si kila kilichomo katika daftari kilitokea. Mwandishi wa riwaya Jane Austen, ambaye baba yake alikuwa kasisi wa Steventon katika kaunti ya Hampshire, alipokuwa msichana alilichukua daftari la ndoa la kanisa akajaza ukurasa wa mfano kwa ndoa zake za kubuni. Alijioza kwa wanaume ambao hawakuwahi kuwepo, mmoja wa London, mwingine wa Liverpool. Hakuolewa maisha yake yote. Ukurasa huo upo hadi leo, na asiyejua habari yake angeweza kuuamini.

Mfano: Mary yupi?

Tuchukue mfano wa kubuni tuone kazi inavyofanyika. Tuseme unafuatilia ukoo wa Thomas Webb, kibarua wa shambani. Watoto wake na mkewe Mary walibatizwa katika kijiji kimoja kuanzia 1797. Unataka kujua Mary alitoka ukoo gani.

Unaingia katika daftari la kijiji hicho na kukuta ndoa ya 1794: Thomas Webb na Mary Finch, wote wa parishi hii. Moyo unaruka. Jina lake ndilo, mke ndiye, kijiji ndicho, na mwaka unalingana. Wengi wangeishia hapo na kuandika kwamba mama wa watoto ni Mary Finch.

Mtafiti makini anajiuliza kwanza: mbona mtoto wa kwanza amekuja miaka mitatu baadaye? Anafungua daftari la mazishi. Mwaka 1795 anakuta amezikwa Mary, mke wa Thomas Webb. Basi Mary Finch hakuweza kuzaa watoto wa 1797 na kuendelea.

Anarudi kwenye ndoa, na safari hii anatafuta katika parishi za jirani, kwa sababu watu wa vijijini mara nyingi walioana na watu wa mwendo wa miguu. Maili nne kutoka pale, mwaka 1796, anakuta Thomas Webb mwingine akioana na Mary Cole, mjane. Je, ni Thomas yule yule? Kasisi hakuandika kama alikuwa mgane. Lakini alitia saini, na herufi T ya saini hiyo ina mkunjo ule ule wa saini ya 1794. Tena mmoja wa mashahidi ni James Webb, ambaye alishuhudia ndoa ya kwanza pia.

Sasa ushahidi unasimama: mke wa pili ndiye mama wa watoto. Lakini Cole ni jina la mume wake wa kwanza. Kwa hiyo kuna hatua moja zaidi, kutafuta ndoa ya bwana Cole na Mary fulani kabla ya 1796. Hapo ndipo jina la ukoo wake la kuzaliwa litakapoonekana.

Aliyeishia kwenye ndoa ya 1794 angewafundisha watoto wake kwamba wao ni wa ukoo wa Finch, na hawana damu yoyote ya Finch. Tofauti kati yake na yule wa pili ni kwamba mmoja alifungua daftari la mazishi na mwingine hakulifungua.

Kumbuka pia kwamba saini hizo huonekana kwenye daftari lenyewe tu. Nakala ya askofu iliandikwa na mkono mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na orodha za kwenye intaneti zina majina yaliyochapwa upya. Kila unapoweza, tazama picha ya ukurasa wa asili.

Ndoa za Kianglikana nje ya Uingereza

Makasisi wa Kiingereza walifungisha ndoa pia katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, na moja ya ndoa hizo inatuhusu watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar, aliondoka kisiwani mwaka 1866 na kwenda Aden. Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Kianglikana huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani wa Hamburg. Kama ilivyo kwa Vassa wa Soham, anayemtafuta lazima ajue majina yote mawili, la nyumbani na la kanisani.

Wakati huo Aden ilisimamiwa kutoka Bombay. Makasisi waliokuwa chini ya serikali ya Uingereza ya India walipeleka nakala za ubatizo, ndoa na mazishi, na nakala hizo zilifikishwa London. Leo zimehifadhiwa katika maktaba ya British Library. Kwa hiyo ukimtafuta Mwingereza aliyeishi India au Aden, usiishie kwenye kaunti alikozaliwa.

Unaanzaje ukiwa na simu?

1. Anza na walio hai. Waulize wazee majina, vijiji, kazi na dini. Andika kwenye daftari lako nani alisema nini na lini. Picha za zamani na Biblia za familia huwa na majina na tarehe ndani.

2. Rudi nyuma hatua kwa hatua. Usianze na mtu maarufu wa karne ya 17 ukishuka kumtafuta babu yako. Anza na babu, kisha wazazi wake, kisha wazazi wao.

3. Kwa ndoa za kuanzia Julai 1837, tumia tovuti ya FreeBMD. Haina malipo, na ina faharasa za usajili wa serikali. Faharasa inakupa jina, robo ya mwaka, wilaya, na namba za kitabu na ukurasa. Kwa namba hizo unaweza kuagiza cheti kutoka ofisi ya usajili ya serikali ya Uingereza, ambacho hulipiwa.

4. Kwa ndoa za kabla ya hapo, tumia FreeREG, ambayo pia ni bure na hukusanya yaliyonakiliwa na watu wa kujitolea kutoka madaftari ya parishi. Nyingine ni FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni la Marekani. Hiyo unajisajili bila malipo, na sehemu nyingine ina picha za kurasa zenyewe. Picha hula bando, kwa hiyo tafuta kwanza kwa maandishi, kisha fungua ukurasa ule unaouhitaji tu.

5. Ancestry na Findmypast zina picha nyingi zaidi, lakini ni za kulipia. Maliza kwanza za bure.

6. Usipopata, usihitimishe kwamba ndoa haikuwepo. Hakuna tovuti yenye parishi zote. Angalia kama parishi yako imo kabisa, na kwa miaka ipi.

7. Madaftari yenyewe ya zamani mengi yamo katika ofisi za nyaraka za kaunti. Kanuni ya Kanisa la Uingereza ya 1978 ilitaka yale yaliyopita miaka 100 yapelekwe huko, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Ofisi hizo zina anwani za barua pepe, na nyingine hutafuta kwa niaba yako kwa malipo. Uliza bei kabla.

8. Kabla ya kuandika jina jipya katika ukoo wako, tafuta angalau ushahidi wa pili: ubatizo, mazishi, wosia, tangazo la ndoa au saini inayofanana.

Hata kwetu

Ukikitazama cheti cha ndoa cha makanisa mengi ya Kenya na Tanzania, utaona mambo yanayofanana sana na fomu ya 1837: hali ya ndoa, kazi, makazi, jina la baba, saini za mashahidi. Fomu hizo zilikuja na wamisionari na serikali ya kikoloni. Kwa hiyo njia tuliyoieleza hapa inafaa pia kwa madaftari ya parishi za kwetu, yakiwemo yale ambayo bado yako kabatini kwa kasisi. Nayo mengi yana nafasi ya baba na hayana nafasi ya mama.

Kama bibi yako yuko hai, muulize leo jina kamili la mama yake na la mama wa mama yake, uliandike pamoja na kijiji. Kwa wengi wetu hakuna daftari lolote lenye majina hayo.